Ukipewa Kazi ya Kubeba Bendi ya Metali: Maelekezo ya Dereva wa Arusha

Masika yakianza watalii hupungua, na sisi madereva wa safari hapa Arusha tunabaki vijiweni tukihesabu madeni. Miezi hiyo mimi hubeba bendi. Ni vijana watano, wengine wa Sakina, wengine wa Kijenge, wanapiga hevi metali: gitaa mbili, besi, dramu, na chalii mmoja anayeunguruma kwenye maiki kiasi kwamba mama wa nyumba ya jirani aliwahi kuja kuuliza kama ndani kuna mgonjwa. Arusha ni mji wa hip hop, mji wa X Plastaz, na mwenye gitaa la kelele hapati jukwaa kila wiki. Akitaka kusikika lazima apande gari: Moshi, Dar, na zaidi ya yote Nairobi, ambako wapenzi wa metali ni wengi. Kuna wawili wa Nairobi wanaojiita Duma, ambao mwaka 2020 walitoa albamu kupitia lebo ya Uganda, Nyege Nyege Tapes, ikasikika mbali sana na Ngong Road. Vijana wangu wakiisikiliza garini mimi hufungua dirisha.

Gitaa sijui kupiga hata kodi moja. Ninachojua ni gari, barabara na mzigo. Nakuandikia wewe dereva mwenzangu, au kaka au dada wa mwanabendi uliyetwishwa kazi kwa sababu tu una leseni. Sharti ni moja, na lisemwe kabla ya kuweka mafuta: jukwaani wakubwa ni wao, ndani ya gari mkubwa ni dereva. Asiyekubali apande basi.

Usidhani ni kazi ya chini. Lemmy wa bendi ya Motörhead, kabla hajawa mtu, alibeba vyombo vya mpiga gitaa Jimi Hendrix. Bruce Dickinson, mwimbaji wa Iron Maiden, ni rubani kabisa. Mwaka 2008 bendi yake ilizunguka dunia kwa Boeing 757 ambayo aliirusha mwenyewe, abiria mbele, vyombo nyuma. Yaani hata wao wamepanda gari moja na spika zao.

Gari na mzigo

Gari la safari liache nyumbani. Land Cruiser ya kufungua paa inaingiza vumbi kila upande, na leseni yake ni ya watalii. Ukikutwa mpakani umejaza spika utaulizwa maswali hadi jioni. Kodi Hiace yenye paa refu, ung'oe viti vya safu mbili za nyuma. Noah usiikubali eti kwa sababu watu ni watano tu. Watu watano wa metali wana mzigo wa familia inayohama.

Kabla ya kupakia chochote, piga simu kwa mwenyeji umuulize kuna nini kule. Kwa desturi, kwenye onyesho la bendi kadhaa mwenyeji huweka dramu kubwa na makabati ya spika, halafu kila mpiga dramu anakuja na vitu vyake: snea (ile dramu ndogo ya mlio mkali), matoazi, pedali ya kiki (ya kupigia dramu kubwa kwa mguu) na kiti. Pedali hasa, maana wa metali wanatumia pedali mbili kwa miguu yote miwili na ya mtu mwingine haimkai vizuri. Desturi hiyo inakuokolea nusu ya gari. Ila ukijibiwa "vipo, njooni tu", omba picha. Picha ya leo, dramu ikiwa imesimama na toazi halijapasuka.

Mkilazimika kubeba kila kitu, upakiaji una mpangilio wake na mimi siubadilishi kwa mtu. Kabati la gitaa lenye spika nne za inchi 12 lina kilo 35 hadi 45. Hilo linatangulia, linakaa chini, limeegemea kabisa mgongo wa kiti cha abiria, uso wake wenye kitambaa ukiangalia kiti ili usitobolewe na kitu. Kama lina magurudumu, lilaze yasiguse sakafu, la sivyo litatembea ndani ya gari. Kabati la besi linafuata ubavuni mwake. Begi la stendi za chuma liko sakafuni pia; watu huliona jembamba wakalitupa juu ya vitu, kumbe ni zito kuliko mpiga besi wetu. Dramu zinasimama kwa ubavu, kamwe usiweke kitu juu ya ngozi. Matoazi yasimame wima kwenye begi lake, yakibanwa na godoro jembamba la inchi 3 ambalo usiku litapata mtu wa kulilalia. Gitaa zinaingia mwisho na kutoka mwanzo, kwenye maboksi yake magumu, zimesimama.

Halafu funga. Tumia mipira ya kufungia mizigo, ile inayokatwa kwenye tyubu za magari, pamoja na mikanda miwili ya kukaza. Hili sitanii. Ukishika breki ghafla kwa ajili ya punda pale Longido, gari linasimama lakini kabati linaendelea na safari, na mbele yake kuna kichwa cha mtu.

Amplifaya zinataka maelezo zaidi kidogo, kwa sababu wapiga gitaa wa metali wanapenda zile za zamani zenye taa za kioo ndani, vali wanaziita. Zina uzito wa kilo 20 hivi, na kioo kikiwa cha moto hakitaki mtikisiko. Onyesho likiisha zizimwe, ziachwe kama dakika 20 zipoe, ndipo zibebwe. Mwenye ukumbi atakuwa anazima taa na kupiga kelele. Mpe pole, mwombe soda, mradi dakika zipite. Kwenye gari zikae sakafuni juu ya blanketi, zikiwa wima vilevile zinavyokaa jukwaani. Barabara yetu ina matuta na rasta kila kijiji kuanzia Usa River mpaka Boma Ng'ombe, na kila rasta moja ni vipigo vidogo vingi kwenye hizo taa.

Gitaa isiachwe garini juani. Hiace iliyofungwa vioo mchana wa Namanga inapika, na gundi inayoshika shingo ya gitaa hulegea kwa joto. Mkishuka kula, gitaa zinashuka nanyi, zikae kwenye kivuli cha meza. Watu watakuuliza kama nyinyi ni kwaya. Sema ndiyo.

Nunua masking tepu na kalamu ya wino mzito, kila kitu kipate namba, hata mfuko wa waya na hata zulia la dramu. Orodha ya namba hizo iwe na nakala tatu: moja kwako, moja kwa mpiga dramu (siku zote ndiye mwenye akili ya kuhesabu), ya tatu ya forodha. Usiku wa manane, baada ya onyesho, kila mtu anaapa kwamba vitu vyote vimeingia. Usibishane naye, soma namba kwa sauti, mmoja aitikie akiwa amegusa kitu chenyewe.

Na waya zisifungwe kwenye mifuko ya plastiki. Kenya waliipiga marufuku Agosti 2017, sisi Juni 2019, na pale mpakani bado kuna watu wanaonyang'anywa na kubaki na waya mikononi. Ndoo yenye mfuniko inatosha, tena ni kiti.

Namanga

Kutoka Arusha ni kama kilomita 110: Ngaramtoni, Oldonyo Sambu, Longido, halafu mpaka. Siku hizi unapita sehemu moja tu, jengo la nchi unayoingia, ambamo maofisa wa nchi zote mbili wamekaa dirisha kwa dirisha. Ni haraka, ikiwa karatasi zimekaa sawa. Kila mtu awe na pasipoti au hati ya kusafiria ya dharura, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Gari liwe na kadi yake, barua ya mwenye gari kama si lako, na bima ya kuvukia mpaka, ile wanayoiita kadi ya njano ya COMESA. Bima ya kawaida ya Tanzania inaishia kwenye geti. Halafu utaandikiwa kibali cha muda cha gari; soma tarehe ya mwisho kabla hujaondoka dirishani, maana onyesho huongezwa siku na kibali hakiongezwi kwa kulialia.

Sasa ile nakala ya tatu. Kila chombo cha thamani kiandikwe aina yake na namba ya mashine iliyochongwa nyuma, na forodha ya upande wetu wagonge muhuri mnapotoka. Bila hiyo, siku ya kurudi gitaa la mwanao linaweza kuhesabiwa kuwa jipya limenunuliwa Nairobi, na ushuru wake utaula ujira wote. Mambo ya vibali vya kutumbuiza mwachie mwenyeji upande wake, ila yaishe wiki kadhaa kabla. Kwetu bendi ijisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ni karatasi inayotuliza mabishano mengi.

Wale wanaokuja dirishani na bunda la noti kukubadilishia fedha, wasalimie tu. Badilisha benki au duka la fedha.

Kuhusu mavazi, tumegombana sana mimi na vijana hawa. Fulana zenye mafuvu na maandishi yanayofanana na mizizi ya mti zina mahali pake, na mahali hapo ni jukwaani. Njiani vaa shati. Wanasema nawanyima utu wao. Safari moja mpiga besi aligoma, akafika dirishani na fuvu kifuani, nywele mpaka mabegani. Afisa, mtu mzima wa mvi, akaliangalia fuvu kwa muda.

"Hii ndiyo dini gani?"

"Shikamoo mzee. Siyo dini, ni mtumba. Nimenunua Kiborloni."

"Kiborloni! Shilingi ngapi?"

Wakaanza kuongelea bei za soko la Kiborloni, muhuri ukagongwa. Alipona kwa shikamoo, na kwa bahati. Naongeza kwamba fulana halisi za bendi za Ulaya na Marekani ziko nyingi kwenye mitumba ya Moshi kuliko watu wanavyodhani. Mtu wa kule amezeeka, mke amesafisha kabati, na fulana yake ya ujana inafungua belo Kilimanjaro.

Umeme, mahali watu wanapoumia

Kumbi tunazopigia hazikujengwa kwa muziki huu. Ni kumbi za harusi, baa zenye bustani, bwalo la chuo. Umeme wetu ni volti 230, wa Kenya 240, na plagi za pini tatu za bapa ni zilezile, kwa hiyo adapta zisikusumbue. Kinachotakiwa kukusumbua ni ethi, ule waya wa usalama unaopeleka umeme uliopotea ardhini.

Ukumbi mmoja mjini Moshi, amplifaya ya gitaa ilichomekwa kwenye soketi ya ukutani, na miksa ya maiki ikapata umeme wa jenereta lililokuwa nje, kupitia waya mrefu. Mwimbaji wetu naye hushika gitaa. Wakati wa kujaribu sauti alisogeza mdomo kwenye maiki, vidole vikiwa kwenye nyuzi. Ikatoka cheche ndogo ya buluu, akaruka nyuma ameshika mdomo. Wenzake walicheka. Mimi nilikwenda kuzima kila kitu, na fundi mitambo wa pale akaniuliza dereva anataka nini jukwaani.

Anachotaka ni hiki. Nyuzi za gitaa la umeme ni chuma kilichounganishwa na bodi ya amplifaya. Wavu wa maiki umeunganishwa na bodi ya miksa. Mitambo hiyo miwili ikiwa na ethi tofauti, au mmoja ukiwa hauna ethi kabisa, kati ya nyuzi na maiki panakuwa na volti zinazosubiri njia. Njia ni mwanadamu: vidole, mkono, kifua, mdomo. Mtu akiwa na jasho, umeme unapita vizuri zaidi, na mtu wa metali ana jasho kuanzia wimbo wa pili.

Nunua mita ya umeme, zile ndogo zenye waya mbili, nyekundu na nyeusi. Maduka ya vifaa vya umeme yanazo na bei yake haifiki ya tairi kuukuu. Iweke kwenye volti za AC, kipimo cha juu. Kwenye soketi pima tundu la moto na la nyutro: usome 220 hadi 240. Pima moto na ethi: usome karibu namba ileile. Pima nyutro na ethi: iwe sifuri au volti chache tu. Kama moto na ethi inasoma sifuri, au inayumba kwenye nusu ya namba ile ya kwanza, basi tundu la tatu ni pambo.

Kisha, kila kitu kikiwa kimewashwa na hakuna aliyeshika gitaa, gusisha waya mmoja wa mita kwenye nyuzi na mwingine kwenye wavu wa maiki. Ikisoma karibu na sifuri, endeleeni. Ikisoma makumi ya volti, hakuna kuimba. Dawa yake ni kuchukua umeme wote wa jukwaani, gitaa, besi, miksa, spika, kwenye chanzo kimoja chenye ethi nzima. Kama jengo halina ethi, fundi umeme wa ukumbi airekebishe kabla ya geti kufunguliwa. Sponji ya kufunika maiki inakinga midomo tu, haitibu kitu.

Utakutana na mjuaji atakayekata pini ya ethi kwenye plagi ili kuondoa ule mngurumo wa spika. Mngurumo kweli utapungua. Mnyang'anye koleo.

Volti kushuka nako kupo. Friji la baa likianza kuvuta, mita inateremka, na zile amplifaya za vali zinaanza kunung'unika. Chini ya 200 mimi nazima, wagombane watakavyo. Pedali na vitu vya kidijitali vipitie kwenye stabilaiza. Jenereta liulizie mambo matatu: ni la KVA ngapi (yaani nguvu yake), mafuta yapo, na ufunguo anao nani. Mara nyingi anao mtu aliyekwenda msibani.

Miili yao, na wako

Masikio kwanza, kwa sababu dereva naye anayo. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa Marekani wa afya kazini ni desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 85 kwa saa 8. Kila zinapoongezeka 3, muda unakatwa nusu. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15, na onyesho la metali ndani ya ukumbi mdogo huvuka 100 bila shida. Vizibo vya sponji viko maduka ya dawa. Viviringishe viwe vyembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono mwingine, ingiza, shikilia mpaka vivimbe. Ukivichomeka tu kama karanga havizuii kitu. Mimi husimama pembeni ya jukwaa, siyo mbele ya kabati, na baada ya onyesho nikisikia mluzi masikioni najua usiku huo siendeshi. Sitasikia hata king'ora.

Shingo. Wanatikisa vichwa kwa saa nzima halafu asubuhi hawawezi kuangalia kioo cha pembeni. Mwaka 2008 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa watu wa Australia kuhusu jambo hilo: kwa wimbo wa mapigo 146 kwa dakika, ambao ndio mwendo wa kawaida wa kutikisia, kichwa kikitikiswa zaidi ya digrii 75 hatari ya kuumia inaanza. Nimewasomea. Walifurahi kwamba kuna daktari amewafikiria, wakaendelea. Angalau wasikae kiti cha mbele usiku huo, maana atakayekaa pale ana kazi ya kuniongelesha.

Mwimbaji anyamaze njiani. Kuunguruma kwake hakumchoshi kama kupiga soga kwa kushindana na injini na upepo wa dirishani. Maji mengi, kitambaa cha pua sehemu za vumbi, alale. Tangawizi anywe akitaka.

Mkishuka Dar mjue kwamba Arusha iko mita 1,400 juu na ni kavu, kule ni unyevu wa bahari. Nyuzi zinapata kutu, shingo za gitaa zinahama, ngozi za dramu zinalegea. Fikeni mapema, vyombo vikae ndani ya maboksi yake saa kadhaa ndipo vifunguliwe na kurekebishwa sauti. Hawa wanaoshusha nyuzi chini sana ili sauti iwe nzito ndio wanaosumbuka zaidi, maana nyuzi iliyolegea inaonyesha kosa dogo.

Usiku

Tarehe 27 Septemba 1986, kabla ya kupambazuka, basi lililobeba bendi ya Metallica lilipinduka barabarani huko Sweden. Mpiga besi wao, Cliff Burton, alikufa. Alikuwa na miaka 24. Dereva alisema kulikuwa na barafu barabarani. James Hetfield, mwimbaji wao, amesimulia kwamba aliitafuta barafu hiyo kwa miguu asiione. Hadithi hii kila kijana wa metali anaijua kwa moyo, anayo hata ukutani. Kijana huyohuyo saa nane usiku atakuambia, "Anko, tuunganishe tu, asubuhi tuko nyumbani."

Jibu ni hapana. Sisi hatuna barafu, tuna lori lililoharibika katikati ya njia kati ya Hedaru na Same, halina taa hata moja, na onyo lake ni matawi ya miti yaliyotupwa lami mita chache nyuma yake. Tuna ng'ombe weusi Longido. Tuna pikipiki yenye taa moja unayoidhania ni mbali. Kwa hiyo kwenye makubaliano na promota, yaani mwandaaji wa onyesho, malazi ya usiku wa onyesho yanaandikwa kabla ya malipo. Kama hana malazi, hatuendi, hata kama ni Moshi, kilomita 80 tu.

Arusha hadi Dar ni zaidi ya kilomita 600, na vijiji vyenye kibao cha 50 havihesabiki. Trafiki wa tochi za kupimia mwendo wanajificha vizuri kuliko chui, na hapo naongea kama mtu wa mbugani. Ondoka saa kumi na moja alfajiri siku moja kabla ya onyesho, simama Mombo au Korogwe mle, kila baada ya saa nne nyoosha mgongo. Usipange kufika siku ya onyesho. Promota atakuambia mtawahi, lakini yeye haendeshi. Triango, mtungi wa kuzimia moto, stika na bima viwe mkononi, siyo chini ya kabati la besi.

Kula na kulala

Hapa sina mengi. Chipsi mayai mchana wa onyesho zinawalaza. Wape wali maharage au ndizi mapema, muda wa saa tatu kabla ya kupanda jukwaani. Wakitoka jukwaani ndipo wale nyama. Mkiwa Moshi tafuta mtori, unateremka vizuri kwenye koo lililochoka. Gesti iwe na geti na mlinzi, gari liegeshwe mgongo kwa ukuta ili mlango wa nyuma usifunguke, na gitaa na amplifaya zilale vyumbani na watu. Mama mwenye gesti asalimiwe na wote watano, mmoja mmoja, wakivua kofia. Akiona nywele atasita; akisikia shikamoo tano mfululizo atawachemshia maji.

Pesa

Nusu ilipwe kwa simu kabla hujawasha gari, iliyobaki kabla bendi haijapanda jukwaani, siyo baada. Baada ya onyesho promota huwa na simu isiyo na chaji. Makubaliano yaandikwe hata kama ni kwenye WhatsApp: muda wa kupiga, malazi, chakula cha watu wangapi (dereva ahesabiwe kwa jina), umeme wa chanzo gani. Kama malipo ni ya getini, mtu wenu mmoja asimame getini na daftari toka mtu wa kwanza, asiondoke hata bendi yake ikipiga wimbo anaoupenda.

Mafuta yakadirie kwa kugawa kilomita zote kwa 9, kwenda na kurudi, ongeza lita 10 za kuzunguka mjini. Kikipatikana chochote, mafuta yanatoka kwanza, halafu gesti, chakula, akiba ya pancha, kodi ya gari, ujira wa dereva, kinachobaki ndicho cha bendi. Wanalalamika kwamba dereva yuko juu ya msanii kwenye orodha. Basi wauze fulana. Fulana zao wenyewe, zilizochapwa hapa mjini, wakiziweka mezani karibu na mlango zikiwa na bei imeandikwa wazi, mara nyingi zinaleta kuliko geti. Anayeuza asiwe mwanabendi, kwa sababu mwanabendi akisifiwa anagawa bure.

Mkifika Arusha, kila kitu kishuke kwa namba zilezile, hata kama ni usiku na kila mtu anataka kwao. Kisha viti vya Hiace virudishwe, nati zikazwe na spana siyo kwa mkono, sakafu ifagiliwe. Mwenye gari analihitaji saa kumi na mbili asubuhi ruti ya Usa River, na abiria wake hawapendi kukalia kijiti cha dramu kilichovunjika.